Madeni ya Jengo la Umma

Kila serikali inapotangaza kwamba itajenga shule, hospitali au mahakama, husikika sauti mbili zinazopingana. Sauti ya kwanza husema: "Jengeni upesi, tena jengeni rahisi, mwananchi wa kawaida hataki nguzo wala urembo, anataka paa la kumkinga mvua." Sauti ya pili husema: "La, jengo la umma ni uso wa taifa, lijengwe vema hata kama hazina itatikisika." Mabishano haya si mapya, wala hayakuzaliwa katika nchi zetu. Yaliwasumbua watawala, mafundi na vibarua zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, katika mji ulioanzishwa kuwa mahali pa kuwatupa wafungwa. Leo tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyesimama katikati ya mabishano hayo, kwa sababu maisha yake yana mambo ambayo kiongozi na mfanyakazi, wote wawili, wanapaswa kuyatia akilini.

Mtu huyo ni Francis Greenway, msanifu wa majengo ya serikali katika koloni la New South Wales, nchi ya Australia. Alizaliwa mwaka 1777 karibu na mji wa Bristol, Uingereza, katika ukoo wa waashi na wajenzi. Yeye na ndugu zake wawili walifungua kazi ya kuchonga mawe, kuchora ramani za nyumba na kujenga. Mwaka 1809 kazi yao ikafilisika. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1812, Greenway akashtakiwa kwa kughushi maandishi katika hati ya mapatano ya ujenzi, naye akakiri kosa. Kwa sheria ya Uingereza ya siku zile, aliyeghushi hati ya fedha aliweza kunyongwa kama muuaji. Akahukumiwa kufa. Baadaye hukumu ikapunguzwa, akapewa miaka 14 ya kuhamishwa ng'ambo.

Yafaa tueleze maana ya adhabu hiyo. Tangu mwaka 1788 Waingereza walikuwa wakiwapakia wafungwa wao merikebuni na kuwapeleka Australia, safari ya miezi mingi baharini. Wengi wa wafungwa hao hawakuwa wauaji wala wanyang'anyi wakubwa. Walikuwa watu maskini wa mijini na mashambani walioiba nguo, chakula au mnyama. Walipofika huko walifanywa vibarua wa serikali au wa wenye mashamba mpaka miaka yao itimie. Greenway alifika bandari ya Sydney mwezi wa Februari, 1814. Mkewe, Mary, na watoto wao watatu wakamfuata katika merikebu nyingine mwaka huo huo.

Wakati huo Gavana wa koloni alikuwa Lachlan Macquarie, askari kutoka Scotland aliyeshika madaraka tangu mwaka 1810. Wakubwa wake huko London waliiona Sydney kuwa gereza, na gereza sharti liendeshwe kwa gharama ndogo. Macquarie aliiona kwa jicho jingine. Alitaka kuwe na barabara zilizonyoka, hospitali, shule, makanisa na mahakama. Na tena aliamini kwamba mfungwa aliyekwisha kutumikia adhabu yake anastahili kurudishiwa heshima yake na kukaa meza moja na watu wengine. Imani hiyo iliwaudhi sana matajiri waliokuja kwa hiari yao, ambao hawakutaka kuketi pamoja na watu waliowahi kufungwa minyororo.

Greenway hakufika mikono mitupu. Arthur Phillip, aliyekuwa gavana wa kwanza wa koloni hilo na ambaye sasa alikuwa mzee aliyestaafu Uingereza, alimpendekeza kwa Macquarie. Macquarie akataka kumjaribu. Akamtolea kitabu cha michoro, akamwambia anakili humo ramani ya jumba la mji na mahakama. Greenway akamjibu kwa barua kwamba kunakili si kazi ya mtu wa taaluma yake, na kwamba yeye mwenyewe aweza kubuni jengo bora kuliko lile la kitabuni. Wasomaji na watafakari jambo hili: mfungwa, mwenye miaka zaidi ya 10 ya adhabu mbele yake, anamfundisha Gavana adabu ya ufundi! Gavana hakupendezwa na maneno hayo. Lakini hakulisahau jina la mtu huyo.

Nafasi ya kweli ilipatikana mwaka 1816, nayo ilitokana na ubovu wa jengo la umma. Miaka michache kabla ya hapo Macquarie alitaka hospitali kubwa, na London haikutaka kutoa fedha. Basi akafanya mapatano na watu watatu: wao wajenge hospitali, na malipo yao yawe ruhusa ya kuingiza pombe kali katika koloni, zaidi ya galoni 45,000, bila ya mshindani. Ndiyo maana mpaka leo watu wa Sydney huiita hospitali ile "Hospitali ya Ramu". Mgonjwa akajengewa wodi kwa faida ya ulevi. Kazi ilipokwisha, Greenway aliitwa kuikagua. Akatazama misingi, akatazama kuta, mihimili na paa, akaandika bila kumwogopa mtu kwamba kazi imefanywa vibaya. Wenye mapatano wakaamriwa kurekebisha makosa. Hata hivyo baadhi ya makosa yalifichwa chini ya lipu, na hayakugunduliwa mpaka majengo hayo yalipokarabatiwa katika miaka ya 1980. Ndugu wasomaji, ufa uliofichwa na kontrakta mjanja uliishi zaidi ya miaka 160! Sehemu ya katikati ya hospitali ile ilibomolewa mwaka 1879. Upande wake wa kaskazini ndio Bunge la New South Wales hivi leo.

Mwezi wa Machi, 1816, Macquarie akamteua Greenway kuwa msanifu wa majengo ya serikali. Mshahara wake ulikuwa shilingi 3 za Kiingereza kwa siku, pamoja na nyumba ya kukaa. Tunaomba wasomaji wauweke moyoni mshahara huo, kwa maana tutaurudia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mnara wa taa wa kuongoza merikebu, kwenye majabali ya mlango wa bandari. Mawe ya mahali pale yalikuwa ya mchanga, laini, yenye kulika upesi kwa upepo wa chumvi, na Greenway alitoa tahadhari juu ya jambo hilo. Lakini hapakuwa na mawe mengine karibu, na merikebu hazikuweza kungoja. Mwezi wa Desemba, 1817, Gavana alipokuja kuutazama mnara, akampa mjenzi wake msamaha wa masharti. Taa ikawashwa mwaka 1818. Kama alivyotahadharisha, mawe yakaanza kumomonyoka, hata ikabidi yafungwe kwa pete za chuma. Na mwaka 1883 mnara mpya uliwashwa kando yake. Aliyeubuni mnara huo mpya, James Barnet, naye akiwa msanifu wa serikali, angeweza kuleta sura yake mwenyewe. Badala yake aliifuata karibu kabisa sura ya mnara wa Greenway. Mawe yalikuwa yamekwisha. Fikra ilikuwa bado nzima.

Kisha ikaja kazi ambayo twaiona kuwa kubwa kuliko zote, yaani bweni la wafungwa wanaume la Hyde Park, lililojengwa kati ya mwaka 1817 na 1819. Hapo zamani serikali haikuwapa wafungwa mahali pa kulala. Walifanya kazi ya serikali mpaka alasiri, kisha kila mmoja akaenda kujitafutia kibarua kingine ili apate kodi ya chumba. Vita vya Ulaya vilipokwisha mwaka 1815, merikebu za wafungwa zikaongezeka mno, na mji ukajaa. Greenway akajenga nyumba ya ghorofa tatu kwa matofali, yenye vyumba 12 vikubwa vya kulala, na wafungwa wapatao 600 walilala humo katika machela za turubai zilizotundikwa safu kwa safu. Mbele yake akaweka uso mpana wa pembetatu, saa kubwa, na kuta zilizogawanywa kwa vipimo vya kupendeza. Halikuwa na nakshi za fedha wala marumaru. Uzuri wake wote ulitoka katika vipimo, na vipimo havigharimu kitu ila akili ya fundi.

Jengo hilo lilifunguliwa mwezi wa Juni, 1819, na wafungwa wakaandaliwa karamu. Gavana alifurahi hata akampa Greenway msamaha kamili. Hivyo mfungwa aliyejenga bweni la wafungwa akatoka katika kifungo siku zile zile wenzake walipoingia ndani ya ukuta alioujenga. Hatuwezi kulipita jambo hilo kimya. Bweni liliwapa wafungwa paa na kitanda, lakini liliwanyang'anya jioni zao. Yule aliyekuwa akichuma senti zake baada ya alasiri, sasa alihesabiwa langoni na kufungiwa usiku. Wengi wao hawakulipenda. Jengo laweza kuwa zuri machoni na zito mabegani mwa anayelala ndani yake, na msanifu wa serikali hana budi kuujua ukweli huo, maana kalamu yake ndiyo inayochora lango, na mwingine ndiye anayeshika ufunguo.

Katika mji wa Parramatta, Greenway alichora jengo la wafungwa wanawake, lililokamilika mwaka 1821. Kabla yake wanawake hao walifanya kazi ya kufuma nguo juu ya gereza, na kwa kuwa nafasi ya kulala ilikuwa haba, wengi walilazimika kutafuta malazi mitaani na kuyalipia kwa njia za kuwadhalilisha. Katika mji wa Windsor alijenga kanisa la Mtakatifu Mathayo. Kontrakta wa kwanza alikuwa ameanza kuta zake kwa matofali na chokaa hafifu. Kazi hiyo ikabomolewa na kujengwa upya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kanisa hilo lingali likisimama, na bado watu husali humo.

Sasa tuwaulize wasomaji: ni nani walioinua kuta hizo? Kila tofali la bweni la Hyde Park lilifinyangwa, likachomwa, likabebwa na kupangwa na mfungwa. Waashi, maseremala, wahunzi na vibarua walikuwa watu wasio na uhuru. Majina yao hayakuandikwa ukutani. Juu ya uso wa jengo lile limechongwa jina la Gavana na mwaka 1817, basi. Hata jina la Greenway halimo.

Tena kuna jambo jingine, zito zaidi. Chokaa ya kushikamanisha matofali hayo ilitokana na makombe ya baharini yaliyochomwa tanuruni. Ndugu zetu wa pwani, wanaoifahamu kazi ya kuchoma matumbawe ili kupata chokaa, wataelewa mara moja. Lakini makombe mengi ya Sydney hayakuokotwa majini. Yalichimbwa katika malundo makubwa yaliyoachwa ufukoni na wenyeji wa asili wa nchi, akina Gadigal na jirani zao, waliokula chaza mahali pale vizazi kwa vizazi. Mabaki ya chakula cha mababu wa watu hao yakasagwa na kutiwa ukutani mwa nyumba za wale walioichukua nchi yao. Na mwezi wa Aprili, 1816, mwezi mmoja baada ya Greenway kupewa kazi, askari waliotumwa na Macquarie huyu huyu waliwaua wenyeji wapatao 14 au zaidi, wakiwamo wanawake na watoto, mahali paitwapo Appin. Twaandika hayo ili msomaji asidhani kwamba Gavana mwenye huruma kwa wafungwa wake alikuwa na huruma kwa watu wote. Mkono mmoja uliweka jiwe la msingi, na mkono huo huo ukatia sahihi amri ya askari.

Turudi kwenye mabishano tuliyoanza nayo. Habari za ujenzi mwingi zilifika London, na wakubwa wakakasirika. Mwaka 1819 wakamtuma mwanasheria aitwaye John Thomas Bigge, aliyepata kuwa jaji mkuu wa kisiwa cha Trinidad, aje kuchunguza mambo yote ya koloni. Maagizo aliyopewa yalikuwa wazi: adhabu ya kuhamishwa ng'ambo irudishiwe vitisho vyake. Bigge akatazama, akaona fedha nyingi zimetumika katika majengo. Akaona tena kwamba serikali imejiwekea waashi na maseremala hodari, huku wenye mashamba makubwa ya kondoo wakilalamika kwamba hawapati vibarua. Akapendekeza wafungwa wapelekwe kwa wenye mashamba. Jengo kubwa la kanisa kuu lililokuwa limeanzwa likasimamishwa. Jengo lililokusudiwa kuwa mahakama likageuzwa kuwa kanisa la Mtakatifu Yakobo, nalo liliwekwa wakfu mwaka 1824.

Je, Bigge alikosea kabisa? Hatusemi hivyo. Moja ya majengo aliyoyalaumu ni mazizi ya farasi wa Gavana, ambayo Macquarie aliyaanza bila ya idhini ya London. Greenway aliyapa mazizi hayo sura ya ngome, yenye minara ya pembeni na kingo za juu zilizokatwa meno kama boma la vita. Katika jambo hili sisi hatuko upande wa Macquarie. Farasi hahitaji mnara. Fedha ya umma inayotumika kumpamba mkubwa, au mnyama wa mkubwa, ni fedha iliyopotea njia, hata kama fundi aliyeitumia ni bingwa. Ni kweli kwamba baadaye mazizi hayo yalipata kazi njema, yakafanywa chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1915. Lakini bahati ya baadaye haimsafishi mtu aliyetumia vibaya hapo mwanzo.

Kosa la Bigge ni kutotenganisha. Alipima mazizi na mabweni kwa kamba moja. Bweni la watu 600, mnara wa taa uliookoa merikebu, jengo la wanawake waliokuwa wakilala mitaani: vitu hivyo navyo aliviona kuwa gharama iliyozidi. Swali la kuuliza halikuwa "Je, ni zuri mno?" bali "Je, ni la nani?" Uzuri katika nyumba ya watu wengi si anasa, maana hugawanywa kwa wote watakaopita hapo, na hugawanywa tena kwa miaka yote jengo litakayosimama. Tulitazame bweni lile la Hyde Park. Lilipoacha kuwalaza wafungwa mwaka 1848, likawapokea wasichana wahamiaji, wakiwamo mayatima waliokimbizwa na njaa ya Ireland. Tangu mwaka 1862 likawatunza wanawake wazee na maskini. Kutoka mwaka 1887 mpaka 1979 likawa na mahakama na ofisi za serikali. Sasa ni makumbusho, na mwaka 2010 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na maeneo mengine ya wafungwa huko Australia. Mtu na atuambie, gharama ya jengo kama hilo yafaa kugawanywa kwa mwaka mmoja wa bajeti, au kwa miaka 200 ya utumishi?

Greenway mwenyewe alipatwa na nini? Hapa ndipo habari inapoumiza. Hakuwa mtu mwepisi. Alijivuna, aligombana, aliandika barua ndefu za malalamiko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naye sifa za Gavana zilimlevya. Lakini pia alidhulumiwa. Mapema katika kazi yake ofisa mmoja wa jeshi alimpiga mjeledi, kana kwamba msanifu wa serikali ni mtumwa wa nyumbani. Greenway akamshtaki, na mahakama ikampa haki yake. Ugomvi wake na serikali haukuisha vema namna hiyo. Katika nchi yake msanifu wa majengo alilipwa sehemu kadhaa katika kila mia ya gharama ya jengo. Greenway aliamini kwamba siku moja serikali itamlipa hivyo. Serikali iliamini kwamba shilingi zake 3 kwa siku zilikuwa malipo yote. Hapakuwa na mapatano ya wazi yaliyoandikwa tangu mwanzo. Alipodai, Macquarie mwenyewe, yule aliyempandisha, alighadhibika na kumwona mtu asiye na shukrani.

Macquarie aliondoka Sydney mwaka 1822, akirudi kujitetea mbele ya wakubwa wake. Aliorodhesha kazi 265 zilizofanyika katika utawala wake, akafa mwaka 1824. Gavana mpya, Thomas Brisbane, alimwachisha Greenway kazi mwezi wa Novemba, 1822. Akaanza kuhangaika. Alikataa kuhama katika nyumba aliyopewa kwa kazi yake, akidai kuwa ni mali yake. Mwaka 1835 alitangaza gazetini kwamba anatafuta kazi, naye alikuwa na umri wa miaka 57. Wachache walimwitikia. Alikufa mwezi wa Septemba, 1837, karibu na mto Hunter, maskini, akazikwa katika kaburi lisilowekwa alama. Mtu aliyechora majengo yanayoonekana kutoka baharini hakupata jiwe moja la kuwekwa kichwani pake.

Mwaka 1966 Australia ilipoanza kutumia fedha mpya ya dola, sura ya Greenway iliwekwa kwenye noti ya dola 10, ikakaa huko mpaka mwaka 1993. Mtu aliyehukumiwa kufa kwa kughushi hati ya fedha akawa sura ya fedha yenyewe. Wengi huicheka habari hii, nasi twakubali kwamba inachekesha. Hata hivyo heshima iliyokuja miaka 129 baada ya mtu kuzikwa haikuweza kununua mkate wa yatima.

Basi, tunajifunza nini? Tunaona kwamba kila jengo la umma huzaa madeni, na kwamba taifa lenye busara huyalipa yote.

Deni la kwanza ni kwa mtumiaji. Mama anayekuja kujifungua, mtoto anayekuja kusoma, mshtakiwa anayekuja kuhukumiwa, wote wana haki ya jengo imara, lenye hewa, lenye mwanga, tena lenye kumwambia kila aingiaye kwamba yeye ni mtu. Deni hili halilipwi kwa marumaru. Hulipwa kwa ramani yenye akili, kwa msingi uliochimbwa mpaka chini, na kwa mkaguzi ambaye hanunuliki. Kama Greenway, aliyekuwa bado mfungwa, aliweza kusimama mbele ya matajiri watatu na kuwaambia kwamba kuta zao ni mbovu, basi mkaguzi wa leo, mtu huru mwenye mshahara na chama cha wafanyakazi nyuma yake, ana udhuru gani wa kutia sahihi cheti cha kazi mbovu?

Deni la pili ni kwa mjenzi. Kuanzia msanifu mwenye penseli mpaka kibarua mwenye karai, kila mmoja ajue kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi kwamba atalipwa nini, lini, na kwa kazi gani. Mapatano yaandikwe na yasomwe kwa sauti. Sifa za mkubwa si mshahara. Mkubwa huondoka, naye anayemfuata hana kumbukumbu ya ahadi zilizosemwa kwa mdomo. Wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu watakubaliana nasi kwamba ugomvi mwingi wa kazini huanzia pale pale ulipoanzia ugomvi wa Greenway: upande mmoja ulidhani, upande wa pili ukadhani vingine, na karatasi haikuwapo.

Deni la tatu ni kwa ardhi na watu wake. Kabla ya kupima kiwanja, yapasa kuuliza ni nani waliokaa hapa, ni nani watakaohamishwa, na wamelipwa nini. Sydney haikuuliza, na kimya hicho kingali ndani ya kuta zake, kimechanganyika na chokaa.

Twawaomba wenzetu walio katika kamati za ujenzi, vijijini na mijini, watakapokaa mezani kuijadili ramani ya shule au zahanati, wayatazame madeni hayo matatu moja moja. Wakiona fedha hazitoshi, wapunguze ukubwa wa jengo, wala wasipunguze saruji. Waondoe chumba cha mgeni wa heshima kabla ya kuondoa dirisha la wodi. Na kazi itakapokwisha, pale mlangoni panapochongwa jina la aliyekata utepe, waache nafasi ya kuandika majina ya waliopanga matofali.